Jina la Schmidt na Wahunzi wa Ufipa

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Historia

Walio katika vikundi vya kusikiliza na wakae tayari na madaftari yao, maana mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumzia.

Leo tutalichunguza jina moja la ukoo la Wajerumani, yaani Schmidt. Pengine mmoja wenu atauliza, "Jina la Mjerumani latuhusu nini sisi?" Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Wajerumani waliitawala nchi hii hadi vita ya 1914 mpaka 1918, na majina yao yaliandikwa juu ya maboma, meli na ramani zetu. Pili, jambo lililowapata Wajerumani zamani kuhusu majina yao linatupata sisi leo. Kwa hiyo tukijua jinsi jina la Schmidt lilivyozaliwa na kuenea, tutajua namna ya kuyatunza majina yetu wenyewe.

Zamani mtu alikuwa na jina moja

Hapo kale Mjerumani alikuwa na jina moja tu, kama Heinrich, au Konrad, au Johannes. Kijijini jina moja lilitosha, kwa maana kila mtu alimjua mwenzake. Lakini miji ilipokua na biashara ilipozidi, ilionekana taabu. Mjini walikuwapo akina Johannes ishirini. Mmoja akikopa fedha, ni Johannes yupi atakayedaiwa? Mmoja akifa, ni mtoto wa Johannes yupi atakayerithi nyumba?

Basi waandishi wa miji wakaanza kuongeza neno la pili ili kumtenga mtu na mwenzake. Desturi hiyo ilionekana tangu karne ya 12 katika miji ya magharibi na kusini, kama vile Köln, ikaenea polepole mpaka mashambani. Neno la pili halikutafutwa kwa ajili ya heshima, bali kwa ajili ya deni, kodi na urithi.

Milango minne ya majina

Majina ya koo za Kijerumani yaliingia kwa milango minne. Tunaweza kuionyesha yote kwa majina ya watu waliofika katika nchi hizi za Tanganyika na Rukwa, au ambao majina yao yaliletwa huku.

Mlango wa kwanza ni mahali alikotoka mtu. Dr. Richard Böhm alikuwa mmoja wa wasafiri Wajerumani waliofika nchi za Tanganyika miaka ya 1880, naye akafa Katanga mwaka 1884. Jina lake maana yake ni mtu wa Bohemia, nchi iliyo jirani na Ujerumani.

Mlango wa pili ni jina la baba au la babu. Mwenzake Böhm aliitwa Paul Reichard. Reichard ni jina la kale la mtu mmoja, kama sisi tusemavyo Petro au Yosefu, nalo likageuka kuwa jina la ukoo mzima.

Mlango wa tatu ni tabia, sura, au utani wa majirani. Katika safari ile ile alikuwamo Dr. Emil Kaiser, aliyefariki karibu na Ziwa Rukwa mwaka 1882. Kaiser maana yake ni mfalme mkuu. Msidhani kwamba wazee wake walikuwa wafalme! Majina ya namna hii mara nyingi yalianza kwa mzaha, mtu akitembea kwa majivuno, au akicheza mfalme katika michezo ya sikukuu. Baadaye alikuja ofisa mmoja aitwaye Fromm, aliyeandika habari za Ufipa na watu wake zikachapwa mwaka 1912. Fromm maana yake zamani ilikuwa mtu mwadilifu, na siku hizi ni mcha Mungu.

Mlango wa nne ni kazi ya mtu. Hapo ndipo tunapomkuta Schmidt wetu. Schmidt maana yake ni mhunzi, mfua chuma. Miongoni mwa maofisa wa Wissmann katika vita ya pwani ya 1888 mpaka 1890 alikuwamo Rochus Schmidt. Na kutoka 1974 mpaka 1982 waziri mkuu wa Ujerumani Magharibi alikuwa Helmut Schmidt wa Hamburg. Mmoja aliishika bunduki na mwingine serikali, wala hatukusikia kwamba hata mmoja wao aliishika nyundo. Lakini majina yao yanashuhudia kwamba mbali sana, jina hilo lilipoanza, alikuwapo mhunzi.

Kwa nini wahunzi ni wengi?

Sasa tufike kwenye hesabu. Jina la kwanza kwa wingi katika Ujerumani ni Müller, yaani msaga nafaka. La pili ni Schmidt. Hesabu zilizofanywa kwa kufuata vitabu vya simu zaonyesha kwamba katika kila watu 1,000 wa Ujerumani, kama 9 au 10 huitwa Müller, na kama 7 huitwa Schmidt. Miongoni mwa majina yanayofuata yamo Schneider, yaani mshona nguo; Fischer, yaani mvuvi; na Weber, yaani mfuma nguo.

Hapa pana fumbo. Zamani zile watu wengi wa Ujerumani walikuwa wakulima. Jina la Bauer, yaani mkulima, lipo. Lakini wenye jina hilo ni wachache kuliko akina Müller na akina Schmidt. Inakuwaje wakulima walio wengi waache jina moja dogo, na wahunzi walio wachache waache jina kubwa hivi?

Fikirini kijiji chenu. Hapa Ufipa, wazee wetu walilima kwa intumba, vile vichuguu vya udongo ambavyo majani hufukiwa ndani yake yaoze, yawe mbolea. Kila nyumba ilikuwa na intumba zake. Mgeni akiuliza, "Namtaka Yosefu," nawe ukamwambia, "Ni yule mkulima wa intumba," umemsaidia nini? Wote ni wakulima wa intumba. Lakini ukimwambia, "Ni Yosefu mhunzi," mgeni atafika mlangoni bila kupotea.

Basi hilo ndilo jibu. Jina hutolewa ili kutenga. Kazi ya watu wote haimtengi mtu. Kazi ya mtu mmoja humtenga. Mhunzi alikuwa mmoja katika kijiji, lakini kila kijiji kilimhitaji, kwa ajili ya majembe, miundu, misumari na nali za farasi. Uchache wake katika kila kijiji, pamoja na kupatikana kwake katika kila kijiji, ndivyo vilivyolifanya jina lake kuwa kubwa katika nchi nzima.

Wala si Ujerumani peke yake. Smith wa Waingereza ni mhunzi. Lefèvre wa Wafaransa ni mhunzi. Kovács wa Hungaria ni mhunzi. Na Haddad wa Waarabu, jina lijulikanalo sana huko pwani, nalo ni mhunzi. Watu hawa hawana babu mmoja. Hata akina Schmidt wawili wa kijiji kimoja huenda si ndugu kabisa. Jina lao ni moja kwa kuwa kazi ya babu zao ilikuwa moja.

Wahunzi wa Ufipa

Sasa tuje nyumbani. Kama jina la mhunzi lingestahili kuenea mahali popote Afrika ya Mashariki, lingeenea Ufipa. Wazee wetu walikuwa mafundi hodari wa chuma. Walijenga malungu, yaani matanuri marefu ya udongo, mengine yakifikia kimo cha meta 3 hivi. Tanuri hilo halikuvuviwa kwa mivukuto. Lilikuwa na matundu chini, na moto wenyewe uliuvuta upepo ndani, ukala mkaa na mawe ya chuma kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha. Kisha mhunzi alikifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, lilikuwa bidhaa, na tena lilikuwa mahari.

Kazi hiyo ilikuwa na heshima na miiko. Tanuri jipya lilihesabiwa kama bibi arusi, na fundi mkuu alikuwa na dawa zake na masharti yake. Majembe yaliyotengenezwa viwandani Ulaya yalipofika kwa bei nafuu, malungu yalizimwa moja baada ya jingine katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Magofu yake bado yaonekana katika mashamba na vichaka. Tena wafumaji wa Ufipa na wa bonde la Rukwa walifuma nguo za pamba ziitwazo seketa. Kwa hiyo hapa palikuwa na akina Schmidt na akina Weber wetu, ila hawakuitwa hivyo katika karatasi.

Kwa nini? Kwa sababu karatasi haikuwapo. Mtu alijulikana kwa jina lake, kwa wazazi wake, kwa kijiji chake na kwa mtawala wake, kama ni wa Nkansi au wa Lyangalile. Tena katika Ufipa udugu huhesabiwa kwa upande wa baba na kwa upande wa mama pia. Kumbukumbu hiyo ilikaa vichwani mwa wazee, nayo ilitosha. Pasipo mwandishi wa kodi, jina la kazi ya babu halikuwa na sababu ya kumshika mjukuu asiyejua hata kushika koleo.

Jina kubwa la watu wachache

Si kila jina mashuhuri ni jina la watu wengi. Mfano mzuri uko Kasanga. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walijenga boma pale ufukoni mwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. "Burg" ni ngome, au boma. Bismarck ni jina la ukoo la Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Dola ya Ujerumani kutoka 1871 mpaka 1890. Serikali yake ndiyo iliyouita mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885.

Na jina la Bismarck lilitoka wapi? Liliingia kwa mlango wa kwanza, yaani mahali. Katika sehemu iitwayo Altmark, kaskazini ya Ujerumani, kuna mji mdogo uitwao Bismark. Watu waliotoka hapo waliitwa "wa Bismark", na katika karne ya 13 walikuwa wameonekana katika mji wa Stendal ulio jirani. Basi tazameni safari ya jina hili. Lilikuwa jina la kijiji, likawa jina la ukoo, ukoo ukatoa mtu mkubwa, na jina la mtu huyo likabebwa mpaka Ziwa Tanganyika kuwa jina la boma.

Lakini halikukaa. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliliteka boma, na jina la Bismarckburg likaondoka pamoja na bendera yake. Wenyeji hawakuwa na haja ya kutafuta jina jingine, kwa kuwa jina la Kasanga walikuwa nalo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ziwa Rukwa pia. Msafiri Joseph Thomson aliliita Ziwa Leopold mwaka 1880, kwa heshima ya mfalme wa Wabelgiji, na leo jina hilo limebaki katika vitabu vya zamani tu. Na ile meli ya Graf von Götzen, iliyopewa jina la gavana wa zamani, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 ikiwa na jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini ya ziwa mwaka 1867. Kwa miaka mingi Liemba ilitia nanga Kasanga.

Twajifunza nini hapa? Twajifunza kwamba jina lililobandikwa juu ya watu hudumu kadiri nguvu za aliyelibandika zinavyodumu. Bali jina linalotumiwa na watu wenyewe hudumu.

Siku jina lilipogandishwa

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo somo linapotugusa. Majina ya Wajerumani hayakuwa imara tangu mwanzo. Huko kaskazini, katika Schleswig na Holstein, desturi ilikuwa hivi. Hans mwana wa Peter aliitwa Hans Petersen, yaani Hans mwana wa Peter. Mtoto wake Jens hakuitwa Petersen, bali Jens Hansen. Kila kizazi jina lilisogea hatua moja. Mwaka 1771 serikali iliamuru jina lisisogee tena. Aliyekuwa Petersen wakati huo akabaki Petersen, yeye na watoto wake na wajukuu wake, hata kama baba zao waliitwa Hans au Jens. Watu wa Friesland waliamriwa hivyo mwaka 1811, katika utawala wa Napoleon. Na kuanzia tarehe 1 Januari 1876 kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo katika Ujerumani yote kiliandikwa katika daftari la serikali.

Mwandishi aliandika kama alivyosikia au kama ilivyokuwa desturi ya mahali, na jinsi ilivyoandikwa ndivyo ilivyobaki. Kwa hiyo mhunzi mmoja amekuwa na sura nyingi. Kaskazini na katikati ya Ujerumani ni Schmidt. Kusini, katika Bavaria, ni Schmid, bila herufi ya mwisho. Magharibi wapo akina Schmitt, na karibu na Köln wapo akina Schmitz, yaani mwana wa mhunzi. Wote ni jina moja, ila mbele ya sheria ni majina manne.

Na wanawake je? Zamani mwanamke wa Kijerumani aliongezewa mwisho wa kike katika jina, mke wa Müller akaitwa Müllerin. Desturi hiyo ilikwisha. Baadaye sheria ilimtaka mke achukue jina la mume, mpaka mwaka 1976 waliporuhusiwa kuchagua jina la mmoja wao, la mume au la mke. Jirani zetu Wanyamwanga wana mpango wao mzuri. Mwanamume ni Simbeye, dada yake ni Nambeye. Ukoo ni ule ule, na jina lenyewe lakuambia kama ni mume au mke.

Sasa jitazameni ninyi wenyewe. Hapa kwetu karatasi ilikuja kwa njia mbili. Kwanza ni daftari la kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898. Pili ni kitabu cha ubatizo, kwa kuwa mapadre wa White Fathers walifika Karema mwaka 1885, wakaenea Ufipa. Baadaye ikaja shule, hospitali, hati ya kuzaliwa, na sasa kitambulisho cha taifa. Sisi bado tuko katikati ya safari ambayo watu wa Schleswig waliimaliza mwaka 1771.

Tuchukue mfano. Mzee Mateo alimzaa Petro, akaandikwa Petro Mateo. Petro akamzaa Yosefu, akaandikwa Yosefu Petro. Yosefu akamzaa Anna, akaandikwa Anna Yosefu. Katika vizazi vitatu Mateo ametoweka katika karatasi. Wakati huo huo ndugu yake Yosefu, aliyesoma shule nyingine, aliandikwa kwa jina la babu, akaitwa Mateo. Watoto wa tumbo moja, majina mawili!

Petro akifa akaacha shamba na akiba benki, taabu huanza. Kitabu cha benki chasema Petro Mateo. Hati ya shamba yasema Petro Mathayo, kwa kuwa karani alipenda hivyo. Warithi wana majina yasiyofanana na la marehemu wala yasiyofanana wao kwa wao. Kijiji kizima chajua kwamba hawa ni wanawe, lakini ofisi haisomi nyuso, yasoma herufi. Wapo wajane na yatima waliokwenda na kurudi ofisini miezi mingi kwa sababu ya herufi moja.

Yatupasa kufanya nini?

Sisemi kwamba kila mtu aige desturi ya Wajerumani. Nasema tuchague wenyewe kabla karani hajatuchagulia. Yako mambo manne ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, baba na mama wakae pamoja na wazee, wakubaliane ni jina gani watoto wote watalitumia kama jina la ukoo, nao walitumie kwa watoto wote bila kubagua.

Pili, waandike jina hilo kwa herufi zile zile katika kila karatasi, na kabla ya kuipokea karatasi yoyote waisome hapo hapo dirishani. Asiyejua kusoma na aende na mwenziwe.

Tatu, nunueni daftari moja la nyumbani. Andikeni majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, vijiji vyao na kazi zao. Jina la ukoo huchukua upande mmoja tu. Upande wa mama utapotea usipoandikwa. Na kama babu alikuwa fundi wa malungu au mfumaji wa seketa, liandikeni neno hilo kwa herufi kubwa. Mjerumani amelihifadhi ndani ya jina lake. Sisi tutalihifadhi ndani ya daftari letu.

Nne, walio na makosa katika karatasi zao wasingoje kifo. Waende wakale kiapo na kusahihisha wakati mwenye jina angali hai na aweza kusema, "Ndimi mimi."

Muhtasari

Tumeona kwamba jina la Schmidt ni mhunzi; kwamba ni la pili kwa wingi Ujerumani kwa sababu mhunzi alikuwa mmoja katika kila kijiji; kwamba wenye jina hilo si ndugu wote; na kwamba tofauti za herufi zilitokana na waandishi na desturi za mahali. Tumeona pia kwamba jina la Bismarck lilikuja Kasanga kwa nguvu, likaondoka kwa nguvu. Mwisho tumeona kwamba jina likiisha kuandikwa huganda, basi ni heri ligande likiwa sahihi.

Maswali ya kuzungumzia

1. Taja milango minne ya majina ya Kijerumani. Je, katika kijiji chenu kuna majina yaliyoingia kwa milango hiyo?

2. Kwa nini jina la Bauer ni dogo kuliko la Schmidt, ingawa wakulima walikuwa wengi kuliko wahunzi?

3. Ni nani katika kijiji chenu awezaye kueleza habari za malungu? Kikundi kimchague mtu wa kwenda kumsikiliza na kuandika maneno yake.

4. Kila mtu alete karatasi zake mbili zenye jina lake. Je, herufi zalingana?

Juma lijalo tutaendelea na habari za majina ya vijiji vyetu, tukianza na Sumbawanga, jina ambalo wazee hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uchawi. Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini.